Kahawa ya Bwawa la Sabuni

Jumatatu, 3 Agosti 1987. Nyakasimbi

Daftari jipya, mpango mpya. Kesho tunakwenda kambini!

Nieleze vizuri, maana siku moja wajukuu zangu watalisoma daftari hili. (Kwanza nipate watoto. Kabla ya hapo nipate mke. Yote yamo katika mpango.)

Mwaka 1957 sisi vijana kumi na watano wa kwaya ya parokia tulipiga kambi siku tano katika msitu wa Nyakaziba, tukiongozwa na marehemu Mwalimu Rwegasira, katekista wetu. Mabwawa matatu. Vijia vya msituni. Vibanda vya nyasi, viazi vya kuchoma majivuni, nyimbo hadi koo linakauka. Baada ya hapo nimekuwa karani wa mizani ya kahawa miaka ishirini na miwili, nimeoa, nimeachwa (mke alirudi kwao Nkwenda mwaka 1969, akisema mipango yangu inamchosha), nimejenga nyumba ya bati. Lakini furaha kama ile ya siku tano sijaipata tena. Nasema kweli.

Kati ya wale kumi na watano, tuliobaki karibu ni wanne. Mimi, Aristides Rwegoshora. Mzee Rwezaura, mkubwa wetu, mgane, macho yameanza kuchoka. Dada yake Rwezaura, Auleria Kokugonza, mjane, mwenye cherehani pale Omurushaka. Na Polikarpi Nsabimana, mfuga nyuki, ambaye mimi sikumwalika. Nani alimwalika? Auleria!

Sasa jambo lenyewe. Mtoto wake Auleria, Projest, yuko Mwanza na anataka mama yake ahamie huko moja kwa moja, cherehani na kila kitu. Auleria amesema atamjibu kambi ikiisha. Kwa hiyo nina siku tano. Mwaka 1957 nilikuwa na siku tano pia, nikazitumia zote kutafuta neno la kuanzia. Mwaka uliofuata aliolewa Bukoba. Mtungi wa rubisi ya arusi yake, pombe yetu ya ndizi, niliubeba mimi, kichwani, kilima kizima. Mzito ule mtungi. Shingo inaukumbuka mpaka leo.

Safari hii sirudii kosa. Nimepata hema! La jeshi, lilibaki Omurushaka tangu vita vya Amin. Muuzaji aliapa kwa mama yake. Wenzangu watalala kwenye nyasi, mimi hemani. Auleria ataona nani ni mtu wa maendeleo.

Jumanne, 4 Agosti 1987. Nyakaziba

Basi lilitushusha njia panda saa tatu asubuhi, kisha miguu saa mbili nzima katika vumbi la kiangazi. Hema zito kupita kiasi. Polikarpi akajitolea kushika upande mmoja. Nikakataa. Baada ya kilima cha kwanza nikakubali. Baada ya kilima cha pili alikuwa analibeba peke yake na kupiga mluzi. Mtu hana haya!

Tuko watano, si wanne. Polikarpi amemleta mdogo wake, Costansia Nyirabageni, atupikie. Mjane wa miaka mingi, mkunjufu, mdomo haupumziki. Mwaka 1957 alikuwa mdogo, aliachwa nyumbani, kwa hiyo juu ya kambi hajui lolote. Hilo halimzuii kuwa na maoni. Njiani aliniuliza kama nimelifungua hema nikaliangalia ndani. Nikamwambia hema la jeshi halikaguliwi na raia.

Bwana misitu ni kijana mpole. Alitupa shikamoo mmoja mmoja, akatupa na masharti: tusikate mti mbichi, tuwashe moto mahali pamoja tu. Akasema watu hawaji tena kulala humu, wanakuja kuiba kuni. Aliyatazama masufuria yetu na mvi zetu kama mtu anayetaka kuuliza swali lakini amelelewa vizuri.

Na uwanja wetu upo! Mawe matatu ya jiko letu yapo palepale, yameota kuvu juu lakini upande wa ndani bado meusi. Moshi wa mwaka 1957! Rwezaura aliinama, akaligusa moja kwa kiganja. Auleria akataja majina ya waliokuwa wakipika hapo, mmoja baada ya mwingine, kama anayeita mahudhurio. Wengi hawakuwa na wa kuwaitikia. Mimi niligeuka pembeni nikapangusa macho. Nikasema ni vumbi.

Mchana nikafungua hema.

Si hema. Ni turubai la kufunikia lori. Halina mlango, halina nguzo, lina matundu ya kamba na harufu ya samaki wa Mwanza. Nilijaribu kulisimamisha kwa fito. Likasimama. Nikaingia ndani kuonyesha mfano. Likalala, nami ndani yake. Nilitambaa kutafuta ukingo, nikatambaa tena, turubai halikuwa na mwisho. Nilipotokea, nimetokea kwenye majivu.

Auleria alicheka hadi akaushika mti. Alicheka mpaka sauti ikakatika, akabaki anatikisika tu. Aibu ya mwaka! Saa ileile Polikarpi alikuwa ameshamaliza kibanda cha dada yake na kibanda cha Auleria, vya nyasi, vimefungwa kwa kamba za mgomba, safi kama alivyotufundisha Mwalimu.

Siku imepotea yote.

Jumatano, 5 Agosti 1987

Niliamka na akili. Baridi, ukungu juu ya miti, Rwezaura anakohoa karibu na moto. Mandhari ileile. Kwa muda kidogo nilisahau nina miaka arobaini na tisa. Kisha nikajaribu kusimama.

Kumbukumbu muhimu kwa mpango wa leo. Mabwawa tuliyapa majina sisi. Bwawa la Sabuni ndilo la karibu, wasichana walifulia hapo na povu likaelea siku nzima. Bwawa la Litania liko mbali, vyura wake wanaitikiana upande huu na upande ule kama waumini wanaojibu "utuombee". Bwawa la Kimya tulikatazwa kwenda, basi tulikwenda kila siku. Leo Bwawa la Kimya limekauka. Limekuwa nyasi. Niliona wakati nakwenda kutafuta fito nyingine, na sikumwambia mtu.

Na sheria ya Mwalimu: kwenye njia panda, aliyetangulia anafunga fundo la nyasi na kulilaza upande anaokwenda, ili wa nyuma asipotee. Wenzangu bado wanaifuata. Jana Polikarpi alifunga mafundo msitu mzima.

Mpango: kumpata Auleria peke yake Bwawa la Sabuni. Baada ya uji nilimnong'oneza kwamba akifika njia panda ashike kulia, nina jambo la kumwambia pale tulipofulia. Alitabasamu! Kisha nikatangulia mbio, nikaligeuza fundo lielekee kushoto, Litania, ili Polikarpi akija na ndoo zake apelekwe huko saa nzima. Safi kabisa. Nikanawa uso bwawani, nikavaa shati jeupe, nikakaa kwenye jiwe upande unaoficha upara.

Nikangoja. Saa nne. Saa tano. Nzi wakanizoea.

Saa sita akatokea Rwezaura peke yake. Nikamuuliza wako wapi wengine. Akasema wamefuata fundo kushoto, Auleria na Polikarpi, na yeye amekuja huku kwa sababu macho yake hayaoni mafundo tena, miguu tu ndiyo inayokumbuka. Lakini mimi si nilimwambia Auleria kulia? Ndiyo, akasema Rwezaura, Auleria alisimama pale njia panda, akataja neno la Mwalimu: amini fundo, usiamini mdomo. Akashika kushoto.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Walirudi jioni. Wameleta asali ya porini kwenye jani. Wamewasikia vyura, bado wanaitikiana. Auleria alisema laiti tungekuwa wote. Akanitazama mimi aliposema hivyo, nami sikujua niweke uso wangu wapi.

Lakini! Siku haikupotea. Pale bwawani, kwa kukosa mtu mwingine wa kuzungumza naye, Rwezaura alinisimulia habari za ndugu yake wa kuchanjia, aliyefariki mwaka 1974. Omukago wa zamani, yaani udugu wa damu, tunda moja la kahawa, mbegu mbili, kila mmoja anameza ya mwenzake. Walikuwa wanaingia nyumba ya mwenzake bila hodi, akasema. Wanapalilia migomba ya mwenzake bila kuombwa. Ndugu wa kuchanjia hanyimwi kitu, akasema. Hata akitaka ng'ombe wako wa mwisho, unampa na kamba.

Hanyimwi kitu!

Nani mwenye neno la mwisho juu ya Auleria? Kaka yake. Tangu dada yake awe mjane, Rwezaura amekwisha kuwakataa waposaji wawili, mmoja mwenye lori. Mimi ningekwenda vipi kwake mikono mitupu? Lakini nikiwa ndugu yake wa damu, nikamwomba kitu kimoja kidogo...

Nimeandika haya usiku wa manane, usingizi umekataa. Si baridi. Ni akili.

Alhamisi, 6 Agosti 1987

Imefanyika!

Asubuhi nilikwenda kwa bwana misitu kuomba tunda la kahawa katika mibuni yake. Akanipa kikapu kizima. Nikamwambia nataka moja tu, jekundu, lenye mbegu mbili. Alinitazama tena vile.

Rwezaura nilipomwambia nia yangu alinipa mgongo, nikadhani kakataa. Kumbe analia. Akasema tangu mkewe afariki, na ndugu yake kabla ya mke, hakuna mtu aliyemwomba lolote ila kumuuliza kama amemeza dawa. Akasema hakutegemea katika umri wake kwamba mtu mzima, msomi, karani, angetaka kuwa ndugu yake. Nilijisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Padri husema ni upagani. Nitaungama mwezi wa tisa.

Ilitakiwa shahidi. Polikarpi sikumtaka, Auleria alikuwa anafua, basi akaitwa Costansia ashike jani la mgomba. Mara akaanza. Akauliza kama nimefikiri sawasawa. Nikamwambia asubiri. Akashika jani. Rwezaura alipotoa wembe, akafungua tena kinywa: "Lakini Mzee Aristides, hebu nikuulize, sasa Mama Projest..." Nikamwambia asubiri kwanza, hili ni jambo la wanaume. Akanitazama kwa huruma, nikadhani ni kwa sababu ya wembe.

Utaratibu: unachanjwa kidogo karibu na kitovu, mbegu inapakwa damu, mwenzako anaimeza. Rwezaura akachanjwa, hakupepesa jicho. Zamu yangu. Mimi damu sijawahi kupatana nayo. Rwezaura akaanza kiapo, kirefu, cha Kinyambo cha zamani, mambo ya nyumba, na shamba, na mama, na mimi kila aliponyamaza nilisema ndiyo, macho kwenye wembe. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Ikaja mbegu yake, nikaimeza. Ikaja damu yangu, tone moja, dogo kuliko chawa.

Nilizinduka chini ya mti. Rwezaura ananipepea kwa kofia yake na kuniita mdogo wangu. Amenipa blanketi lake, lile zito. Nilikataa, akasema kwa ndugu hakuna kukataa. Mchana alikuja na kuuketisha mfuko wangu mahali pake pa kulala, karibu na moto, yeye akahamia upande wa upepo. Kisha akaliomba lile turubai ili alishone matundu.

Mpango umekamilika. Kesho saa tatu, Bwawa la Sabuni. Nimemwomba Auleria mbele ya watu wote, kwa sauti, hakuna fundo wala mnong'ono. Amekubali kuja. Hakutabasamu safari hii. Labda haya.

Ijumaa, 7 Agosti 1987

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Alikuja. Gauni la bluu, la kushona mwenyewe. Alikaa kwenye jiwe lilelile alilokuwa akifulia, na maji yalikuwa yametulia, na kweli kwa muda nilimwona wa miaka kumi na saba, na shati langu mkononi mwake. Alilifua mwaka ule bila kuombwa. Lilikuwa limechafuka tope. Mimi nilikuwa nimesimama palepale niliposimama leo, kinywa wazi, bila neno.

Leo maneno nilikuwa nayo. Nikayasema yote. Miaka thelathini. Mtungi wa rubisi. Mwanza ni mbali. Nyumba ya bati ina chumba chenye dirisha, mahali pazuri pa cherehani. Nikamalizia kwamba kaka yake hawezi kuninyima, maana sasa sisi ni damu moja.

Auleria akafunika uso kwa mikono.

Akasema jana Rwezaura alimjia hapo bwawani akiwa na furaha ambayo hajaiona kwake tangu msiba. Akamwambia: dada, Mungu ametuongezea kaka. Akasema yeye alikaa na nguo zake mbichi mkononi na akalia, na Rwezaura akadhani analia kwa furaha.

Bado sikuelewa! Nimwandike vipi mtu huyu niliyekuwa mimi? Alinifafanulia taratibu, mtu anavyomfafanulia mgeni. Ndugu ya kaka yake ni kaka yake. Mtu haolewi na kaka yake.

Nilijua sheria hiyo? Nilijua. Kila mtoto wa Karagwe anaijua. Niliijua kama mtu anavyojua sufuria ni la moto, na bado analishika kwa mikono miwili.

Nikamuuliza, isingekuwa jana, je? Sikupaswa kuuliza. Akasema Jumanne, nilipotokea chini ya lile turubai na majivu usoni, alicheka kwa mara ya kwanza tangu mumewe azikwe. Akasema palepale, akiwa ameushika ule mti, aliamua kwamba nikimuuliza atakubali. Akangoja Jumanne yote. Jumatano nilimwambia kulia, lakini fundo lilisema kushoto, naye akadhani nimebadili nia. Akasema: ulikuwa na siku mbili nzima, Rwegoshora. Hukuhitaji ruhusa ya mtu. Ulihitaji kuuliza.

Nikasema padri anasema omukago si kitu, ni mbegu ya kahawa tu. Nitakwenda kwa Rwezaura sasa hivi, nitafuta. Akasema nenda basi, kamwambie.

Nilikwenda. Naapa nilikwenda. Miguu ilikuwa inakimbia.

Rwezaura alikuwa ameketi juani, turubai mapajani, sindano ya gunia mkononi. Kwa kuwa haoni vizuri, anapapasa tundu kwa kidole, anachoma, anajichoma, anafuta kidole kwenye suruali, anaendelea. Ameweka nguzo mbili. Ameweka mlango! Akasikia hatua zangu, akauliza ni wewe, mdogo wangu? Akasema mwakani tukirudi tutalala humu wote wawili, na tutawaacha hao wengine kwenye nyasi zao.

Nikasema ndiyo.

Nikakaa, nikamtungia uzi kwenye sindano. Tulishona mpaka chakula. Sikula. Costansia aliniletea kiazi cha majivuni, akakiweka karibu nami na kwenda zake bila kusema neno lolote. Nadhani alikuwa mgonjwa.

Jumamosi, 8 Agosti 1987. Nyumbani

Tumevunja kambi. Kabla ya kuondoka tulisimama kuzunguka yale mawe matatu na kuimba wimbo wa Mwalimu wa kufungia kambi. Mwaka 1957 uliimbwa kwa sauti nne. Leo sauti ya pili haikuwa na mtu. Tulipofika mahali pake tukanyamaza wote, tukaiacha ipite, kisha tukaendelea. Hatukupanga hivyo. Polikarpi alifuta macho waziwazi. Hilo nalo anafanya vizuri.

Njiani, kwenye njia panda, Polikarpi akanivuta kando. Akavua kofia. Akasema anajua si mahali pake, yeye ni mtoto wa mtu aliyekuja kuchuma kahawa za watu, hana shamba kubwa. Lakini yeye na Auleria walizungumza sana siku ile ya Litania, na jana tena alipomkuta analia. Amekwenda kwa Rwezaura kubisha hodi. Rwezaura amesema jambo la dada yao haliamui peke yake tena. Amemtuma kwanza kwa mdogo wake.

Mdogo wake ni mimi.

Kofia yake aliishika kwa mikono miwili, akiizungusha. Niliitazama ile kofia. Nikamuuliza kama anajua kwamba fundo la Jumatano nililigeuza mimi. Akasema anajua, nyasi zilikuwa zimekunjwa vibaya, Mwalimu angenichapa. Akasema hakumwambia mtu.

Nikamjibu kwamba sisi ukoo wetu hatuzungumzi mambo ya dada zetu njiani. Aje nyumbani na rubisi, kama watu. Akashukuru sana. Akalibeba turubai mpaka barabarani.

Mwanza, Auleria ameandika haendi.

Jumapili, 27 Septemba 1987

Mvua za kwanza. Posa imefanyika leo nyumbani kwa Rwezaura.

Nilikaa kuume kwake, kwenye mkeka mpya. Nimevaa shati jeupe, Auleria amelishona upya kola. Watu wa Polikarpi wakaingia na mitungi mitatu. Kwa desturi mtungi wa kwanza hupokelewa na kaka wa binti, nikaupokea, nikautua chini mwenyewe. Mzito kama ule wa kwanza. Rubisi ilikuwa nzuri, nilitafuta kasoro sikuipata.

Ikafika zamu ya upande wetu kusema, na Auleria akatuma neno kutoka ndani kwamba atasemewa na kaka yake Aristides. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye methali sita. Nilisimama, zote zikanikimbia. Nikasema hivi tu: dada yetu huyu, akicheka sana, hushika mti. Mwenye kumchukua ahakikishe miti iko karibu. Na kwa kuwa bwana mwenyewe ni mtu wa kimya, kila mwezi wa nane amlete Nyakaziba, siku tano, nami nitakuja na hema.

Watu walicheka. Kutoka ndani nilimsikia yeye, juu ya wote, mpaka sauti ikakatika. Nikajua anashika kitu, labda mlango. Kisha Rwezaura akanishika mkono na hakuuachia hadi mwisho wa kikao. Nilifurahi. Niliumia. Vyote viwili, mahali pamoja.

Basi. Yamekwisha. Nimejifunza.

Nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba napumua, Costansia akaniletea kibuyu changu na mrija mpya, akakaa. Akasema hotuba ilikuwa nzuri. Akasema mwakani kambini hatapika, atakuja kama mtu wa kambi, na anataka aonyeshwe Bwawa la Litania. Nikamtazama. Ajabu! Siku tano tulikuwa naye, na leo ndiyo mara ya kwanza naona ana mwanya. Kile kiazi cha Ijumaa nacho nikakikumbuka. Yule hakuwa mgonjwa.

Nimekaa nikapiga hesabu ya mambo. Kosa la Agosti nimeligundua: nilimchagua kaka asiyehusika. Mwenye neno juu ya Costansia ni Polikarpi, na Polikarpi, pamoja na upole wake wote, lile fundo hajalisahau. Nikimwendea hivihivi atanikatalia. Huyu anahitaji kulainishwa mapema. Anahitaji kufungwa na kiapo ambacho hakimruhusu kuninyima.

Nyuma ya nyumba ya Rwezaura kuna mibuni. Bado ina matunda ya mwisho mwisho. Nikatafuta jekundu, zuri, nikalibonyeza kwa vidole. Mbegu mbili.

Costansia aliniona nalitia mfukoni. Akatazama mfuko, akanitazama mimi, akafungua kinywa aseme neno.

Nikamwambia asubiri kwanza.